Macho Niliyokopeshwa Fittja

Walisema sitaweza. Naanza na hilo kwa sababu waliosema bado wapo, na baadhi yao leo ni wateja wangu.

Wa kwanza alikuwa mjomba wangu, enzi nikiuza miwani ya mtumba sokoni Kigoma. Nilikuwa natandika turubai, namwaga miwani juu yake, na mteja anachutama kujaribu moja baada ya nyingine mpaka apate ile inayomwezesha kusoma pakiti ya chumvi niliyoiweka pale kwa kazi hiyo. Sikufundishwa na mtu, na hakuna muuzaji wa mstari ule aliyekuwa na wateja kama mimi. Siku nilipomwambia mjomba kwamba nitasomea macho chuoni, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Hesabu ulifeli, na macho yana hesabu."

Hapo alisema kweli. Macho yana hesabu nyingi. Nilizifaulu zote, tena kwa Kiswidi, na diploma yangu leo imetundikwa kwenye duka nililofungua niliporudi Kigoma, mahali ambapo mjomba akikaa kujaribu miwani lazima aitazame. Kiti nilikiweka pale kwa makusudi.

Wa pili nilimkuta Stockholm. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu mzima, dereva wa basi kati ya Fittja na Tumba, vitongoji vya kusini mwa jiji, na sisi sote tuliosali naye tulimwita Papa. Mimi aliniita Petit, yaani mdogo kwa Kifaransa. Aliposikia mipango yangu, alizima injini kituoni ili neno lake nilisikie vizuri.

"Petit, minakuambia ukweli kama baba. Hapa Suède wewe utafuta madirisha ya hospitali ya macho. Hapo ndipo utakapoyakaribia macho."

Sweden nilifika kwa njia ya ndoa. Ndoa haikudumu, kibali cha kuishi kilidumu. Nilijifunza lugha, nikarudia masomo ya sekondari pamoja na watu ambao ningeweza kuwazaa, na kwa kujikimu nikafanya usafi hospitalini. Utabiri wa Papa ulitimia kwa muda, maana madirisha niliyafuta kweli, na sakafu pia. Lakini mimi si mtu wa kusukuma fagio na akili ikalala. Nilipangiwa korido ya macho, na nilipoiacha nilikuwa najua kazi ya kila aliyepita pale kuliko baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakihudhuria kwa miaka.

Kwetu, yeyote anayemulika jicho ni daktari wa macho. Kwa Waswidi kila mtu ana mlango wake. Yupo muuguzi wa macho, anayekupokea, anayekutia matone ya kupanua mboni na kupima presha ya jicho. Huyu ndiye utakayemkumbuka, kwa sababu ndiye anayekushika mkono wakati huoni. Yupo ortoptist, mtaalamu wa misuli inayogeuza macho, ambaye hushinda na watoto wenye makengeza na watu wazima wanaoona vitu viwiliviwili. Yupo daktari wa macho mwenyewe, aliyemaliza udaktari wote kwanza, kisha akarudi kusomea kiungo kimoja kidogo kuliko ndimu. Huyo ndiye anayetaja ugonjwa, anayeandika dawa na anayepasua. Na yupo optiker. Optiker anapima uwezo wa kuona, anaandika namba za miwani, anachungulia ndani ya jicho, na akiona kitu kisichomridhisha anamwandikia mgonjwa rufaa kwenda kwa daktari. Hatibu na hapasui. Lakini mara nyingi ndiye wa kwanza kukutana na jicho linaloumwa ambalo mwenyewe hajui kwamba linaumwa.

Nilichagua mlango huo. Nilipopata nafasi chuoni, Papa alisema wamekosea jina.

Nilikuwa nimepanga chumba Fittja kwa mama mmoja wa Bujumbura, mjane, aliyekuja Sweden kama mkimbizi na kufanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee mpaka magoti yakamshinda. Alikuwa na binti mmoja aliyezaliwa hapohapo. Mama alisema naye kwa Kiswahili, binti akajibu kwa Kiswidi, na walielewana vizuri kuliko familia nyingi zenye lugha moja. Mimi pia nilimwita Mama.

Jioni moja kabla ya mtihani wa muundo wa jicho, Mama alikuwa amepika vichwa vya sato. Mimi nilikuwa nakariri kwa sauti, kwa Kiswidi, na yeye akasema kelele hizo zinaharibu mchuzi, kwa hiyo niseme kwa lugha ya watu au ninyamaze. Nikachukua kichwa cha samaki sahanini kwangu.

"Sawa, Mama. Hiki kioo cha mbele ndicho konea. Mwanga unaingilia hapa. Nyuma yake kuna maji, halafu pazia la rangi lenye tundu katikati. Tundu hilo ndilo mboni."

"Mboni ni tundu?"

"Ni tundu tupu. Mwanga ukizidi linajifinya, giza likija linajipanua."

"Kumbe miaka yote namwita huyu mtoto mboni ya jicho langu, namwita tundu."

Binti alisema kwa Kiswidi kwamba amesikia.

Nikatoa kile kipira cheupe kigumu ambacho kila mla kichwa cha samaki amewahi kukitema. "Na hii ndiyo lenzi. Samaki akiwa hai ni angavu kama tone la maji. Moto ndio ulioipausha. Ya binadamu imebapa kama punje ya dengu, na umri unaipausha polepole bila moto. Ndiyo tunaita mtoto wa jicho. Daktari anaitoa, anaweka ya bandia, mtu anaona tena. Halafu huku nyuma, ukuta wa ndani umetandikwa utando mwembamba, retina, ambao ndio unaopokea picha. Na mshipa wa fahamu unatoka hapa nyuma kama waya, unapeleka habari ubongoni."

Mama aliweka kijiko chini. "Na mtu akipofuka jicho likiwa safi? Halina weupe wowote?"

"Nani?"

"Mama yangu. Macho yake yalikuwa mazuri mpaka siku tuliyomzika. Lakini alikuwa hauoni hata mkono wake mwenyewe. Alianza kwa kugonga miimo ya milango. Tulimwambia, mama, angalia unakopita. Tukacheka. Halafu hatukucheka tena. Hakuna aliyetuambia ni kitu gani."

"Sura hiyo ya kitabu sijaifikia, Mama."

"Ukiifikia utaniambia." Akavuta kiti karibu na taa, akaniinulia uso. "Nasikia unatafuta watu wa kujifunzia. Haya, jifunzie macho yangu. Lakini sikiliza vizuri, nakukopesha. Siku ukiwa mtaalamu, utanirudishia kwa kuniambia kilichomo ndani, hata kama ni kibaya. Sitaki kugonga miimo."

Nikampa mkono. Habari ikafika kanisani kwetu, kwenye ukumbi tuliokuwa tumepanga Tumba, na Jumapili iliyofuata nikawa na watu wengine wa kunikopesha macho kwa masharti yaleyale, Warundi, Wanyarwanda na Mkenya mmoja aliyekuwa akijibu kila kitu kwa Kiingereza. Papa pia alijitolea, akisema anataka kuona kwa macho yake jinsi nitakavyoshindwa.

Chuo kilituazima sanduku la lenzi za majaribio na ile fremu nzito ya duara ambayo mtu akiivaa anafanana na fundi saa. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaweka lenzi moja, unabadilisha na nyingine, unauliza: ipi nzuri zaidi, hii au hii? Mgonjwa anachagua, unaendelea kuchuja mpaka unafika namba yake. Mzungu anajibu kama anayelipwa kwa kila jibu. Ya kwanza. Ya pili. Hapana, rudisha ya kwanza.

"Zote nzuri, mwanangu," alisema Mama.

"Lazima moja iwe nzuri zaidi."

"Umehangaika kuziweka. Zote nzuri."

Binti, akiwa mlangoni na mkate mdomoni, alimwambia kwa Kiswidi aseme tu ipi mbaya, hakuna atakayelia. Yeye nilipompima alikataa lenzi zangu kama anayefukuza nzi, nikamaliza upesi, na macho yake yalikuwa hayana kasoro. Mama alimtazama akifanya hivyo kwa aibu.

Kipimo cha upana wa kuona kilikuwa vilevile. Unakaa uso kwa uso na mtu, anaziba jicho moja, analikazia jingine puani mwako, nawe unatikisa vidole pembeni, juu na chini, ujue anaona mpaka wapi bila kugeuza jicho. "Naviona," alisema Mama. "Naviona. Naviona." Mara nyingine aliviona kabla sijavitikisa. Wote walikuwa hivyohivyo. Kwa majibu yao, kanisa letu lilikuwa limekusanya macho bora kuliko yote Sweden.

Mwalimu wangu wa kliniki hakuamini. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mswidi, asiyetumia maneno mawili pale linapotosha moja, na yeye ndiye aliyekuwa na uamuzi wa kunipitisha au kunirudisha nyumbani. Alitaka kuniona nikimpima mmoja wa watu wangu mbele yake. Nikampeleka Papa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ananidharau kuliko wote, nikijua mtu wa namna hiyo hawezi kusema kila kitu ni kizuri.

Papa alikuja na sare yake ya udereva, akakaa kwenye kiti cha kliniki, akamwangalia mwalimu, akaniangalia mimi. Nikaweka lenzi.

"Hii au hii, Papa?"

"Zote nzuri sana, Petit."

Nikaweka lenzi ambayo ingemfanya ng'ombe agonge ukuta. "Na hii?"

"Hata hiyo. Hiyo ndiyo nzuri kabisa."

Mwalimu akaniuliza amesema nini. Nikamtafsiria. Akachukua kifuniko cheusi, kile cha kuzibia jicho lisilopimwa, akakichomeka mbele ya jicho nililokuwa nalipima. "Na hii?"

Papa alifikiri. Kisha akajibu kwa Kiswidi chake cha basini: "Hii iko na giza kidogo."

Mwalimu alimshukuru, akamsindikiza, akarudi. "Mtu huyu anakupenda," alisema. "Siwezi kukupitisha hivi. Ukiandika miwani kwa majibu ya watu wanaokuonea huruma, utawaumiza. Wafundishe kukukataa. Una mpaka mwisho wa muhula."

Kwenye treni ya kurudi, tulipopita Flemingsberg, Papa alinipiga bega. "Nilikusaidia, si ndiyo? Ningesema mbaya mbele ya yule maman, angekufukuza."

"Papa, umenifelisha."

Akatazama nje kidogo. "Basi nilikuwa na haki toka mwanzo."

Wanafunzi wenzangu, wote wakiwa wamezaliwa na Kiswidi mdomoni, wasingeweza kunisaidia kwa jambo hili, na mwalimu pia asingeweza. Lilihitaji mtu aliyewahi kutandika turubai. Maana nilipokuwa Kigoma hakuna mteja aliyenionea haya. Watu walewale ambao kanisani walinisalimia kwa mikono miwili, sokoni walisema, miwani gani hii, imekwaruzwa kama sufuria, umemvua maiti? Na mimi sikukasirika, wala wao hawakujiona wakorofi. Mnunuzi akitoa kasoro za bidhaa, hakuna anayemwita mkosefu wa heshima. Akisema zote nzuri ndipo anaonekana mjinga, na atauziwa mbovu.

Jumamosi nikamkalisha Mama jikoni, nikamvalisha fremu.

"Leo sikupimi, Mama. Leo nauza."

"Unauza nini?"

"Vitenge. Wewe umekuja kununua. Kila lenzi ni kitenge. Nikikuonyesha viwili na ukisema vyote vizuri, nakufungia vyote viwili na unalipa."

Aliketi wima. Sikuwahi kumwona akikaa vile kwenye kipimo. "Onyesha."

Nikaonyesha.

"Hiki cha kwanza kimefubaa. Kimeoshwa mara ngapi?"

"Na hiki?"

"Hicho afadhali. Lakini herufi zake zinacheza ukingoni. Rudisha cha kwanza nikuonyeshe. Unaona? Kimefubaa. Wewe unafikiri mimi ni mgeni hapa sokoni?"

Binti alicheka, akavuta kiti. Kwa muda usiotosha chai kupoa nikawa na namba sahihi za macho yote mawili, namba za kweli za kwanza kupata kutoka kwa mtu yeyote wa kanisa letu. Naweza kusema bila haya kwamba hakuna kitabu cha chuo chenye njia hiyo.

Nilipaswa kuishia hapo na kujipongeza. Lakini mimi nikianza kazi namaliza. Nikamwambia azibe jicho moja, alikazie jingine puani kwangu.

"Sasa bidhaa ziko pembeni ya meza. Usigeuze jicho. Ukiziona zikiingia dukani, niambie."

Jicho la kulia lilikwenda vizuri. Aliviita vidole vyangu kutoka kila upande, na vilipokawia alilalamika. Tukahamia la kushoto. Kutoka nje, sawa. Kutoka chini, sawa. Nikavileta kutoka upande wa pua, juu.

Alingoja. Nami nilingoja.

"Leta basi bidhaa," alisema.

Vidole vyangu vilikuwa vinatikisika muda wote.

"Mfanyabiashara gani wewe? Meza tupu."

Binti aliacha kucheka. Alikuwa anaviona vidole vyangu vizuri tu, na aliona mama yake havioni. Nikavisogeza taratibu kuelekea katikati mpaka Mama akasema, "Haa, hivyo sasa." Nikarudia kutoka palepale, akawa kimya palepale. Siku zote, jicho la kulia lilikuwa likimzibia pengo la kushoto, na adabu ikalificha kwangu.

Sura ile nilikuwa nimeshaifikia. Jicho lina bomba na lina tundu la kutolea maji. Nyuma ya pazia la rangi maji yanatengenezwa bila kusimama, yanapita kwenye mboni, na yanatokea pembeni, kwenye kona ambako pazia linakutana na konea. Maji haya si machozi, na hayatoki nje, yanaingia damuni. Njia ya kutokea ikisongwa, maji yanabana, na presha ya ndani inapanda. Haiumi. Jicho halibadiliki rangi. Kinachoumia ni ule mshipa wa fahamu nyuma, nyuzi zake zinakufa kidogokidogo, kwa kawaida zikianza na zile za pembeni, na mtu anaendelea kusoma Biblia yake vizuri kwa sababu katikati bado kuzima. Wengine huanza kugonga miimo ya milango wakati sehemu kubwa imeshakwenda.

"Kuna kitu," alisema Mama, akivua fremu. "Sema."

"Kuna mahali jicho lako la kushoto halioni, Mama. Nataka uje chuoni tupime kwa mashine."

"Ni kile cha mama yangu?"

"Kutaja jina si kazi yangu, ni ya daktari. Lakini hatutangoja."

Aliiweka fremu mezani. "Angalau hukusema zote nzuri," alisema, akainuka kuosha sahani.

Kliniki, mwalimu alisimama nyuma yangu tena, na sikumweleza kitu mapema. Nilipima presha ya macho. Ya kushoto ilikuwa juu, ya kulia juu kidogo. Nikachungulia ndani. Mahali mshipa wa fahamu unapotokea panaonekana kama sahani ndogo yenye kishimo katikati, na ukingo wenye afya unakizunguka kote. Kwa jicho la kulia ukingo ulikuwepo. Kwa la kushoto kishimo kilikuwa kimepanuka, na upande mmoja ukingo umebaki mwembamba kama uzi. Mashine ya upana wa kuona ikachora doa jeusi palepale nilipopaita meza tupu.

"Umeona nini?" mwalimu aliuliza.

Nikamwambia nilichokiona, kipande kwa kipande, bila kutaja ugonjwa. Akasogeza kiti changu, akachungulia mwenyewe, akakaa hapo muda. Kisha akauliza nilipataje majibu ya kweli kutoka kwa watu wangu. Nikamweleza habari ya vitenge, na ikabidi nirudie, kwa sababu alidhani amekosea kusikia. Rufaa niliiandika mimi, yeye akaisaini. Nilipita muhula ule, na nasikia mpaka leo anawaambia wanafunzi wapya kwamba ukikutana na mgonjwa mwenye adabu, fungua duka.

Daktari wa macho ndiye aliyetaja jina: glakoma, ile ambayo kwetu inaitwa presha ya macho. Nilikuwa chumbani, kama mkalimani na kama mdeni. Alisema kilichopotea hakitarudi, na kwamba kazi sasa ni kulinda kilichobaki, kwa matone kila jioni na kuhudhuria bila kukosa. Mama akauliza kuhusu mama yake. Daktari alijibu kwamba hawezi kusema juu ya mtu ambaye hakumpima, ila ugonjwa huu unapita katika familia na habari aliyoisikia inafanana nao. Akamgeukia binti, akamwambia naye awe anapimwa. Binti alijibu kwa Kiswahili, "Ndiyo," na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akijibu kwa Kiswahili jambo lililoanzishwa kwa Kiswidi.

Nyumbani niliwaonyesha jinsi ya kuvuta kope la chini na kudondosha tone bila kuligusa jicho na ncha ya chupa, kisha kufumba na kubonyeza kona ya jicho karibu na pua, ili dawa isikimbilie kooni. Mama alisema, "Kwa hiyo deni limekwisha."

"Bado, Mama. Sijawa mtaalamu. Nitalipa nikiwa na leseni, siku moja na wengine wote."

Nilimaliza masomo, diploma nikapewa, leseni ikafuata, na duka moja la miwani Tumba likaniajiri kabla sijamaliza kununua suti ya usaili. Papa alipopita na basi na kuniona dirishani nimevaa koti jeupe, alipiga honi. Nilikuwa nyuma ya kioo kile bila kitambaa cha kukifutia, na nilihakikisha ameliona hilo.

Mwenye duka alinipa Jumapili moja, siku ambayo hufunga. Baada ya ibada, wakopeshaji wangu wote wakatembea kutoka ukumbini mpaka dukani, na nguo zao za kanisani, wakakaa kwenye viti vya wateja kama watu waliokuja kudai. Hakuna aliyesema zote nzuri. Habari ya vitenge ilikuwa imeshaenea, na walinifanyia fujo kuliko soko la Kigoma. Mmoja nilimwambia lenzi yake imeanza kupauka, nikamwandikia rufaa kwa daktari palepale. Mkenya alihitaji miwani ya kuendeshea gari na akabisha kwa Kiingereza mpaka alipoivaa. Wengine walikuwa wazima, nikawaambia wazima. Binti nilimwandikia asiache kurudi kupimwa.

Papa alikaa kwenye kiti akiwa amefunga mikono kifuani. "Hiki cha kwanza kibaya," alisema. "Cha pili kibaya zaidi. Petit, vitenge hivi umevitoa wapi?" Tukafika namba yake kwa matusi. Mbali alikuwa anaona vizuri, abiria wake walikuwa salama. Ila lenzi za macho yake zilikuwa zimekakamaa kwa umri na haziwezi tena kujikunja kwa kusoma karibu. Nilimvalisha miwani ya kusomea, nikampa kadi ya maandishi madogo. Aliisoma yote, kisha akainua macho ukutani, akasoma jina langu kwenye leseni, herufi kwa herufi, akitembea kuifuata.

"Kumbe wameandika kweli," alisema.

Mama aliomba awe wa mwisho. Nilipima presha, ilikuwa imeshuka. Nilichungulia mshipa, nikapima upana wa kuona kwa mashine, nikalinganisha na mchoro wa kwanza. Kisha nikavuta kiti changu mbele yake, nikafanya na vidole pia, kama jikoni.

"Meza bado tupu pale juu," alisema.

"Ni tupu palepale, Mama. Haijaongezeka. Jicho la kulia ni zima. Ukiendelea na matone, natarajia utanisomea mimi magazeti nikiwa mzee."

"Hivyo ndivyo ilivyo? Hujanificha kitu?"

"Hivyo ndivyo ilivyo."

Aliitikia kwa kichwa, akachukua mkoba wake. "Basi hunidai wala sikudai."

Wengine walishaanza kutoka kwenda kituoni, na Papa alikuwa nje anawasomea tangazo la basi lililokuwa wazi kwa kila mtu. Nilikuwa sina deni la jicho la mtu yeyote Sweden. Nilibaki karibu na meza, nikimtazama Mama akienda mlangoni peke yake, bila kushikwa mkono. Alipita katikati, hakugusa mwimo upande wowote.